Kupanda Daraja

Jana usiku nilipanda daraja mara sita:
mara mbili la Tazara, mara tatu la Ubungo,
na saa tisa, barabara tupu kama sinia lililolambwa,
nikapanda la Kigamboni kurudi mjini.
Nyuma, kijana wa bodaboda, pikipiki imemlalia.
Sijaona kamshika shingo kwa viganja viwili:
"Usilale, mdogo wangu. Nihesabie taa."
Akahesabu, kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo.

Kwenye faili langu, ghorofa ya kwanza,
sijapanda daraja tangu Mwanahawa yuko tumboni.
Mwanahawa mwakani anamaliza la saba.

Afisa utumishi ana roho nzuri, simsingizii.
Alinivutia kiti, akafungua waraka:
"Muundo, Likangaga, unakutambua kama dereva.
Dereva ni dereva. Wewe na anayepeleka barua
mko ngazi moja."
Nikamuuliza, barua nayo hukata roho njiani?
Akacheka mpaka akavua miwani.
Akaniagizia chai. Chai ilikuwa ya rangi.

Sijaona hata hiyo ngazi hana.
Ana mkataba wa miezi mitatu
unaohuishwa kwa mdomo, kwa mwaka wa saba sasa,
na cheti cha wiki sita, kimetiwa plastiki,
kinaning'inia juu ya jokofu bovu, Mbagala Kizuiani.
Wanamwita mhudumu. Neno hilo, anasema, ni shuka fupi,
ukifunika kichwa, miguu iko nje.
Amezalisha wanne humu ndani,
wa mwisho kwenye foleni ya Buguruni,
honi zote zikimpigia mtoto hodi.
Mama akampa bintiye jina la Sijaona.
Posho ya usiku yenyewe bado haijazaliwa.

Hati yangu ya mshahara naisoma garini, taa ndogo:
kodi, hifadhi, bima,
na chama, ambacho hunikumbuka kila mwezi
wala hakijawahi kukosea herufi ya jina langu.
Kinachobaki sikitaji. Wanangu wana masikio.

Tarehe kumi na nane wanaanza kupita wale wa kausha damu,
mashati yamepigwa pasi, daftari kwapani.
Aliyewapa jina hilo alikuwa na macho.
Mimi damu naijua, nimeisafirisha kwenye barafu
na nimeisugua kwenye mkeka wa mpira.
Ikikauka, usiimwagie maji ya moto, inapikika.
Maji baridi, na subira, na kesho usugue tena.

Gervasi wa zamu ya mchana ameshaondoka.
Anabeba saruji kwenda Tunduma kwa mara mbili ya changu.
"Saruji," alisema, "haikukodolei macho kwenye kioo."
Nami nilijaribu, hospitali moja ya Masaki:
magari mapya, mitungi imejaa, viti vinanukia duka.
Wakaniuliza kidato cha sita.
Nikawaambia naweza kutoka Chanika na king'ora kibovu
mgonjwa asitikiswe hata kope.
Wakasema watanipigia.

Asubuhi hii akaja dada yake yule kijana, kanga imelowa,
akatukuta tunaosha gari.
Yuko hai. Eti bado anahesabu, manesi wanamshangaa.
Akatoa noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne: "Ya soda."
Sijaona, ambaye mwenye nyumba kambandikia karatasi mlangoni,
akamfumba dada vidole juu ya noti ile:
"Kamnunulie uji."

Mimi, sikufichi,
niliifuata ile noti kwa macho
mpaka ilipozama kwenye pindo la kanga.
Kisha nikaokota brashi
nikaendelea na gurudumu la nyuma.